Neno Haiko Lapigwa Marufuku

Wananchi wote wa Haut-Lomami, wa mjini na wa kando ya mto, pamoja na wageni wenye vitambulisho halali, walitangaziwa Jumatatu moja ya mwezi wa tatu kwamba kuanzia siku hiyo jimbo lao halikosi kitu. Tangazo lilisomwa Kamina, mbele ya ofisi, kwa kipaza sauti kilichokatika mara nne. Kila kilipokatika watu walipiga makofi, wakidhani limekwisha. Msomaji alikuwa Bwana Urbain Likoke mwenyewe, Chef wa Divisheni ya Jimbo ya Data Inayosomeka, mtoto wa mwanajeshi wa kambi ya Kamina, mtu ambaye hata akikuagiza maji ya kunywa anakuonyesha kifungu cha sheria.

Nyuma yake alisimama Émerence Kasanda, ameshika betri za akiba. Katika Divisheni yenye watumishi thelathini, huyu ndiye aliyejua seva inafanya nini. Kwa sababu hiyo hakupewa kiti jukwaani.

Seva yenyewe, tuseme ukweli, ni mashine yenye adabu kuliko wakubwa wake. Wanasayansi waliileta ili ihifadhi vipimo vya mto Lualaba, wakaiweka katika chumba kilichokuwa cha matairi, na paneli za jua juu ya bati. Ukiiuliza habari za mto haikutupii mafumbo. Inakuletea kurasa tatu za maandishi ya kawaida, ambayo yeyote aliyemaliza shule ya msingi anaweza kuyasoma kwa simu yake. Ukurasa wa kwanza unaeleza jedwali lina umbo gani: siku ngapi, safu ngapi. Wa pili unaeleza vitu vyenyewe: kinachopimwa ni kina cha mto, kinapimwa kwa mita, kinasomwa penye échelle ya Bukama, ule ubao wenye alama uliosimikwa majini, na siku ambayo kipimo hakikupatikana imewekwa alama fulani. Wa tatu ni namba tupu.

Ile alama ndiyo iliyoleta balaa. Wanasayansi walikuwa wamechagua namba hasi, kutoa elfu tisa mia tisa tisini na tisa, wakijua kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu atakayedhani mto umefika huko. Hawakuwa wamekutana na Chef Likoke. Chef hakusoma kurasa mbili za kwanza, maana hazikuwa na jina lake. Alichukua wa tatu, akapanda mbele ya waheshimiwa, akatangaza kwa sauti nzito kwamba Lualaba imeshuka hadi mita elfu kumi kasoro moja chini ya sifuri, na kwamba serikali inafuatilia. Waheshimiwa walipiga makofi. Mwalimu mmoja wa jiografia, aliyekaa nyuma, aliuliza wavuvi wa Bukama wanunue kamba ya urefu gani.

Kamina ilicheka wiki mbili. Émerence, ambaye alimwonea haya mkubwa wake kuliko mkubwa alivyojionea, alibadilisha alama. Mahali pa ile namba ya ajabu aliandika neno ambalo kila mtu wa huku analo mdomoni toka utoto: haiko. Kipimo kikiwepo, namba. Kisipokuwepo, haiko. Maandishi yakasomeka kweli. Kanuni ya boti ya uokoaji ya Bukama nayo ikawa nyepesi: boti itoke mto ukifika mita tano, au échelle ikiwa haiko wakati wa mvua, kwa kuwa échelle haiendi matembezi yenyewe.

Lakini neno hilo, ambalo huku husemwa kwa mtu kama kwa kitu, liliingia pia katika jedwali la mahudhurio ya watumishi, na huko likazaa. Mtu wa kabineti ya gavana, anayepokea ukurasa wa tatu kila Ijumaa saa kumi, alihesabu haiko kumi na tisa kwa wiki moja. Akampigia Chef simu kuuliza kama Divisheni ile ni ofisi au ni shamba lililoachwa.

Ndiyo maana Jumatatu ile Chef alisoma vifungu vyake huku jasho la heshima likimtoka. Neno haiko limefutwa katika data zote za jimbo. Pale ambapo kipimo hakikuja, itarudiwa namba ya mwisho inayojulikana, kwa ajili ya uthabiti wa takwimu. Mto hauruhusiwi kupanda zaidi ya sentimita kumi kwa siku bila idhini ya Chef. Na idhini hiyo ni neno la siri, lililo kichwani mwa Chef pekee.

“Mu jimbo yangu,” alimalizia, akikunja karatasi, “kila kintu iko.”

Mahudhurio yalipona siku hiyohiyo. Watumishi thelathini, iko. Waliokuwa wakilima mihogo yao walikuwa iko. Papa Yav, mmoja wa hao thelathini, aliyezikwa mwaka juzi kwa nyimbo na machozi, alikuwa iko tangu saa moja na nusu, na hakuwahi kuchelewa. Kabineti ilituma barua ya pongezi.

Jumatano asubuhi simu ya Émerence ililia. Alikuwa Kalunga, mpimaji wa mto kule Bukama, mtu pekee katika Divisheni aliyekula kiapo cha kupima na kuandika anachokiona.

“Mama Émerence, échelle haiko.”

“Papa Kalunga, ile neno banaisha kuikataza.”

“Basi niseme namna gani? Mai inaisha kubeba échelle na nguzo yake. Toka jana. Minyi niko nasimama pale kwenye ilikuwa, na minyi mwenyewe nitaondoka sasa hivi, mai iko inafika mu magoti.”

Émerence akaiangalia seva. Seva, kwa mujibu wa agizo, ilikuwa imeandika mita tatu na sentimita ishirini. Jumatatu tatu na ishirini, Jumanne tatu na ishirini, Jumatano tatu na ishirini. Mto uliotulia, wenye nidhamu, mto wa mfano. Aliitafuta namba ya mama yake mzazi, Mama Marthe, aliyekaa Bukama katika mtaa wa wavuvi, ule ukanda mwembamba kati ya mto na kinamasi. Na maji ya huko yana tabia ya kuingia kwanza kwa nyuma, kupitia kinamasini, yakakata njia kabla watu hawajafunga mizigo.

Akampigia. “Mama, mai inafika wapi?”

“Inaisha kuingia mu jiko. Njia ya nyuma imefungwa, na mapirogi, mitumbwi yote, inaisha kubebwa na mai. Tuko bantu makumi ine hapa, na batoto. Tunangojea boti yenu.”

Yenu. Neno hilo lilimchoma Émerence. Alijaribu kuandika mita tano kwa mkono wake. Seva ilimjibu kwa heshima zote kwamba mto unaombwa upande taratibu, sentimita kumi kwa siku. Alipiga hesabu: kwa mwendo huo boti ingetoka baada ya siku kumi na nane. Akampigia Abner, mwendesha boti.

“Mama, minyi niko tayari, mota iko na mafuta,” alisema Abner. “Lakini unipe chiffre, namba ya kuonyesha. Mwenzangu wa mbele yangu alitoa boti bila chiffre. Sasa banamutuma kulinda boti ingine mu brousse, mu pori, kwenye hata muto hakuna. Niko na bibi na batoto, Mama.”

Sehemu moja tu ilikuwa haijakatazwa. Agizo lilihusu namba, wala halikugusa ukurasa wa pili, kwa sababu aliyeliandika hakujua kuwa upo. Émerence akaandika humo, penye maelezo ya kipimo: “Namba hizi tangu Jumanne si vipimo. Échelle imebebwa na maji. Mto unapanda na watu wamezingirwa. Tumeni boti.” Kuanzia saa ile seva ilimpelekea kila aliyeiuliza ukweli wote, kwa maandishi yanayosomeka. Viongozi kumi na watatu waliiuliza siku hiyo. Wote walichukua ukurasa wa tatu, wakaona tatu na ishirini, wakaenda kula.

Hapo ndipo alipopanda ngazi kwenda kwa Chef.

“Chef, mto unajaa Bukama. Mama yangu iko mule ndani. Unipe neno la siri nirudishe haiko, boti itoke.”

Chef Likoke alikuwa akipiga mihuri. Hakuinua kichwa. “Émerence, mai inapanda na autorisation ya nani?”

“Ya mvua, Chef.”

“Seva inasema tatu na makumi mbili. Weye unaamini mashine ya wanasayansi ao unaamini simu ya bantu ba mtaani?”

“Chef, ile tatu na makumi mbili ni ya Jumatatu. Tunairudilia tu. Soma ukurasa wa pili, tafazali, mistari mine.”

“Ukurasa wa pili,” alisema Chef, kwa sauti ya mtu anayemsamehe mjinga, “ni ya bantu benye hawana kazi.” Kisha alipata wazo, na uso wake ukang'aa. Angekwenda Bukama yeye mwenyewe, na mpiga picha, asimame kando ya mto uliotulia, picha iende kwa kabineti kabla ya saa kumi ya Ijumaa. Angeonyesha kwamba data ya jimbo na mto wa jimbo vinakubaliana. Aliondoka Alhamisi kwa garimoshi, amevaa viatu vyeupe.

Émerence hakusafiri naye. Alikaa chumba cha matairi, simu mkononi, na yaliyofuata aliyasikia kwa masikio yake.

Ijumaa adhuhuri Abner alimpeleka Chef mtaa wa wavuvi. Kwa safari hiyo boti ilitoka bila shida, maana haikuwa ya uokoaji, ilikuwa ya protokali. Watu walipoiona waliinua watoto juu ya vichwa. Chef aliwatuliza kwa mkono. Aliwaeleza kwamba boti ya protokali hairuhusiwi kubeba waathirika, na zaidi ya hayo, kwa mujibu wa data, wao hawakuwa waathirika. Akashuka, akatafuta mahali pakavu pa kupigiwa picha, akapaona juu ya paa la zege la ghala la samaki. Watu wote walikuwa huko tayari. Boti ikarudi bandarini na mpiga picha ndani yake, kwani mpiga picha aliona Chef akiwa mbali kidogo anapendeza zaidi. Na kwa kuwa mto, kwa mujibu wa data, ulikuwa mtulivu, boti haikuwa na sababu ya kungoja.

Saa nane maji yalipanda hatua nzima kwa mkupuo mmoja. Saa nane na nusu simu ya Émerence ililia, ikionyesha namba ya mama yake. Aliipokea mara moja.

“Allô! Émerence! Ni minyi!”

“Mama, sauti yako inakuwa namna gani?”

“Minyi Chef! Simu yangu imelowa. Niko juu ya paa na mama yako. Ambia Abner alete boti mbio!”

“Mama iko muzima?”

“Iko muzima, iko ananikamata mkono. Boti, Émerence!”

Émerence alimuunganisha na Abner, wote watatu wakawa kwenye simu moja. Bandari na paa vilikuwa vinaonana. Abner alimwona mtu kwenye paa akipunga kiatu cheupe.

“Abner! Ni Chef wa Divisheni! Toa boti!”

“Bonjour, Chef,” alisema Abner kwa hofu ya kweli. “Boti ya uokoaji ao ya protokali?”

“Yoyote!”

“Ya uokoaji inaomba mita tano, na minyi naona tatu na makumi mbili. Ya protokali inaomba ordre de mission mupya, karatasi ya safari, Chef akuwe anaitia sinyatire asubuyi ya leo ku biro, Kamina.”

“Nitatia namna gani sinyatire ku Kamina? Niko huku!”

Abner alisoma kwenye simu yake, herufi baada ya herufi. “Data inasema: Likoke Urbain, iko, biro ya Kamina, leo Ijumaa. Inasomeka muzuri kabisa. Sasa weye mwenye kupunga kiatu, weye njo nani?”

Émerence alitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja, ila kilio kilikuwa karibu zaidi. Alimsikia mtoto akikohoa upande ule. Akamwambia Chef kwa upole kwamba njia ni moja: aseme neno la siri, afute agizo lake, alirudishe neno lile. Échelle ikisomeka haiko, Abner anang'oa nanga.

“Basi lirudishe! Upande wa mto tu.”

“Chef, uliamuru data zote. Likirudi ku mto, linarudi na ku présence, mahudhurio ya bantu. Ukurasa wa tatu inaenda kabineti saa kumi. Kwa jina yako, leo na jana, itaandikwa haiko.”

Émerence alimfahamu Chef kiasi cha kujua kinachopita kichwani mwake: kile kiti chenye magurudumu, ile mihuri, ile barua ya pongezi iliyowekwa kwenye fremu. Watu arobaini walikuwa wamesimama magoti majini, na yeye alikuwa anapima. Hasira ilimpanda Émerence, hasira ya miaka tisa ya kushika betri za akiba.

“Tunaweza kuandika ‘iko kwa namna ingine’?” aliuliza Chef.

“Seva haifahamu, Chef.”

“‘Présence imeahirishwa’?”

“Chef, mama yangu iko na miaka makumi saba na mbili, na mai inafika wapi sasa?”

Hapo simu ilichukuliwa na mwenye simu. “Mwanangu,” alisema Mama Marthe, “huyu papa iko anatafuta nini?”

“Neno moja, Mama. Aseme haiko.”

“Njo ile tu?” Mama Marthe aligeuka, na Émerence alimsikia akitangaza kwa watu wa paa. “Bantu, papa huyu akisema ‘haiko’, boti inakuja!”

Kilichofuata Émerence hatakisahau. Paa zima, wanawake na watoto na wavuvi wazima, lilianza kumfundisha Chef wa Divisheni neno lake, silabi kwa silabi, kama wanavyofundishwa watoto kuhesabu. Ha-i-ko! Ha-i-ko! Kati ya sauti hizo ilisikika yake, mara ya kwanza ndogo, mara ya pili kubwa, na mara ya tatu ikawa mayowe ya mtu ambaye maji yamemfika mkanda.

“Haiko! Minyi haiko ku biro! Échelle haiko! Hakuna kintu iko! Neno la siri ni ‘Likoke’, Émerence, ni jina yangu, andika!”

Aliandika. Mita tatu na sentimita ishirini zikafutika, likaja neno, na Abner, sasa akiwa na karatasi ya kumlinda, aliwasha mota kabla seva haijamaliza sentensi. Walitolewa kwa safari tatu. Chef alijaribu kupanda ya kwanza, lakini Mama Marthe alimwekea mkono kifuani na kumwambia kwamba wanaanza na batoto, na kwamba isitoshe yeye hayupo. Alitoka na ya tatu, bila viatu. Hakuna aliyekufa. Émerence alilia peke yake katika chumba cha matairi, akishukuru kwa Kiluba na kwa Kiswahili, mpaka nguo yake ikalowa kama za wale wa paa.

Saa kumi kamili kabineti ilipokea ukurasa wa tatu. Safu ya viongozi ilisomeka: Likoke Urbain, haiko. Émerence hakuwa mtu wa kulipiza, alikuwa ameeleza vizuri kwenye ukurasa wa pili: “Haiko, maana yake yuko Bukama, analetwa na boti, msimfute kazi.” Kabineti haikuuomba ukurasa huo. Saa kumi na moja kasoro robo kiti kilitangazwa kuwa wazi, na saa kumi na moja kilikuwa na mtu.

Jumanne iliyofuata Bwana Likoke aliingia ofisini akiwa na malapa ya kuazima. Chef mpya alimtazama kichwa mpaka miguu, kisha akaitazama karatasi, na aliyoiamini ni karatasi.

“Minyi niko!” alipaza sauti Likoke, akijigonga kifua. “Émerence, bambie! Andika iko!”

“Siwezi kuandika tu, Papa,” alisema Émerence, na alisikitika kidogo, kidogo sana. “Kurudilia namba ya zamani kulifutwa, ulikufuta mwenyewe. Sasa inaomba kipimo. Mpimaji aliyekula kiapo akuone kwa macho yake, aandike.”

“Basi aitwe!”

“Ni Papa Kalunga. Iko Bukama. Amesema hatoki kule mpaka mto ushuke asimike échelle mpya.”

Akamletea kiti cha kungojea, akakiweka barazani.

Mto ulishuka mwezi wa sita.